Walimjadili Baba Yangu Saa Mbili Nzima

Kwa mliosahau, maana wiki nzima kila mtu ana shida zake: mimi ndiye Kinasih, yule aliyemzika baba yake kwa mdomo.

Nilimwambia mchumba wangu Danar kwamba baba alikufa zamani. Baba hakufa. Alitukimbia mimi na mama miaka kumi na moja iliyopita, na aliyekufa ni mama, akiwa bado anamngoja. Nilidhani uongo wangu ungeishia hapo. Lakini ndoa haifungwi bila walii, baba au ndugu wa kiume wa kumwoza binti, na baba mdogo Tukijan, niliyemtegemea asimame badala ya baba, alinitazama juu ya kikombe chake cha chai akakataa.

"Kaka yangu yuko hai, Asih," alisema. "Siwezi kukuoza juu ya kaburi lisilo na mtu."

Mficha uchi hazai, na mimi harusi yangu ilikuwa imebakiza wiki mbili. Nikachukua namba ya baba kwa baba mdogo, nikameza kiburi, nikamwandikia: naolewa, nakuhitaji uwe walii wangu. Jibu lilikuja kesho yake, na ndipo nilipowaacha wiki iliyopita. Halikuwa ndiyo wala hapana. Ilikuwa video ya dakika nne, isiyo na sauti.

Kumbukeni pia baba yangu ni nani. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa anaitwa Sukirman. Lakini hapa mjini Yogya, kwa vijana wanaovaa makusudi ndala zisizofanana kama bwana harusi wa filamu yake ya tatu, anaitwa Rekso Lintang. Alitengeneza filamu saba ambazo hakuna aliyewahi kuzielewa, kisha akatoweka. Wapenzi wa kazi yake wana klabu iliyopo kwa ajili ya filamu hizo saba tu. Wanazitazama, wanazijadili, wanagombana, wanazitazama tena.

Mwenyekiti wa klabu hiyo ni Danar. Nilikwenda pale kumtafuta baba kwenye skrini, nikapata mchumba. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote pale kwamba mimi ni binti wa nani.

Sasa turudi kwenye video.

Baba amekaa kwenye kitanda cha mbao, mgongo ukutani. Amekonda. Picha imelala upande. Anafumbua mdomo, anausogeza, hakuna sauti. Mbuzi anaingia kwa mlango wa nyuma, anakwenda moja kwa moja kwenye sahani ya muhogo iliyo mezani, anakula. Baba anainua mkono, mkono unaanguka. Anarudia kusogeza midomo. Mbuzi anamaliza muhogo. Mwisho.

Ningekuwa binti wa fundi cherehani ningepiga simu palepale kuuliza kulikoni. Lakini mimi ni binti wa Rekso Lintang. Mtu yule hakuwahi kusema neno moja kwa njia iliyonyooka. Siku mama alipomwuliza kama bado anampenda, alimjibu kwa filamu ya kuku aliyevaa miwani.

Basi nikajua ananicheka. Namwomba aje kunioza, ananitumia mbuzi.

Hasira ilinipanda. Nikaipeleka ile video kwa Danar, nikamwambia nimetumiwa na mtu asiyejitaja. Nilijiambia, kama hataki kunijibu mimi, awajibu wapenzi wa filamu zake.

Danar aliitazama akiwa amesimama, kisha akakaa chini, sakafuni, kama mtu aliyeishiwa nguvu.

"Yuko hai," alisema. "Asih, bado anafanya kazi."

Ilipofika Jumapili sebule ya kwao Danar ilikuwa imejaa hadi ukumbini. Saa nane mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, watu wamebanana kwenye mikeka, tempe za kukaanga, vile vipande vya soya, zinapita mkono kwa mkono. Wengine walitoka miji mingine, Semarang na Solo. Klabu ina sheria moja ya tangu zamani: anayeuliza "maana yake nini?" ananunulia wote tempe. Ukitaka kuuliza, unauliza kwa kuzunguka, ili usionekane mshamba.

Kazi yangu pale ni kuongoza mjadala. Ndiyo, mimi ndiye mshika maiki.

Video ilipokwisha mara ya kwanza palilipuka makofi. Ningrum alikuwa analia, lakini Ningrum hulia kila filamu.

Alianza Bram, mwanafunzi wa usanifu wa majengo, mwenye sauti ya mtu anayeita teksi. Alisema tusizungumzie kitu kingine kabla ya kuzungumzia kulala kwa picha. Zamani Rekso alipindisha vitu ndani ya dunia, sasa ameipindisha dunia yenyewe. Watu wakaguna kwa kukubali.

Danar alizungumzia ukimya. Alisema miaka kumi na moja mtu huyu ametunyima neno, na leo anafungua mdomo na bado anatunyima. Sauti iko, alisema, ameizuia kwa makusudi, kwa sababu hatujastahili kuisikia. Alisema vizuri sana. Mchumba wangu anajua kusema.

Halafu wakafika kwa mbuzi, na hapo ndipo palipochemka. Kuna waliosema mbuzi ni serikali. Kuna waliosema ni njaa ya mwaka sitini na tatu. Bram alisema mbuzi ni sisi watazamaji, tunaingia bila hodi na kula riziki ya msanii mbele ya macho yake. Bwana mmoja wa Solo akanong'ona kwamba pengine mbuzi ni mbuzi tu, wakamzomea mpaka akaomba radhi.

Mimi nilikuwa napitisha maiki. Nilikuwa siwezi kukaa. Nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikanywa chai ya mtu mwingine, nikakunja mkeka uliokuwa umekunjwa tayari. Kila walipomsifu nilichukia zaidi, na kila walipoacha kumsifu nilitaka waendelee. Sielewi hata leo.

Wakaomba irudiwe, ikarudiwa. Mara ya tatu wakaomba iende polepole.

"Simamisha hapo," alisema Ningrum. Kazi yake ni daktari wa meno, anashinda akitazama midomo ya watu kuanzia asubuhi. "Muangalieni usoni. Nusu hii inaigiza, nusu hii imekufa kabisa. Nyusi haipandi. Mdomo umeshuka. Sijawahi kuona mwigizaji anayeweza kuugawa uso hivyo."

Watu wakasogea mbele kutazama ufundi huo.

Nami nikatazama. Nikamwona bibi, mzaa mama, ameegemezwa mito mitatu kwenye chumba cha nyuma, chai inamtoka upande ule ule. Bibi hakuwa mwigizaji. Alipigwa na kiharusi akitwanga pilipili, na wiki ya tatu tulimzika.

Nikatazama mkono. Ulikuwa wa kushoto. Baba hajawahi kutumia mkono wa kushoto hata kujikuna. Alikuwa hamwiti mbuzi wala hampi ishara ya kisanii. Alikuwa anamfukuza, na hawezi.

Sita. Siku sita nilikuwa na video ile kwenye simu.

"Huyu ni baba yangu," nilisema.

Nilikuwa nimeshika maiki, kwa hiyo nyumba nzima ilisikia. Halafu Bram akaanza kupiga makofi, polepole, na wengine wakafuata.

"Umesema kweli, dada Asih," alisema Bram, macho yamemlegea kwa hisia. "Sisi sote ni wanawe."

"Sisemi kwa fumbo. Ni baba yangu. Amenizaa. Na amepooza, hamuoni? Amepooza."

"Baba aliyepooza," alirudia mtu wa nyuma, taratibu, kama anaonja. Wakapiga makofi zaidi. Danar alinitazama kwa fahari ambayo nilikuwa nimeitamani tangu siku ya kwanza nilipoingia pale. Hajawahi kunitazama vile nilipokuwa nasema uongo.

Nilimrushia Bram maiki. Nilichukua ufunguo wa pikipiki ya Danar uliokuwa juu ya kabati, nikaruka miguu ya watu mpaka nje.

"Asih," Danar aliita nyuma yangu, bila hasira, "mjadala haujaisha."

Barabara ya Gunungkidul, milimani ambako baba mdogo aliniambia anaishi, siku ile ilikuwa na mvua na malori ya mawe. Nilikaa nyuma ya lori moja kilima kizima, namlaani dereva ambaye hakunikosea kitu. Kila nilipopata pa kusimama nilipiga namba ya baba. Iliita mpaka ikakata.

Nikampigia baba mdogo Tukijan.

"Uliniambia yuko hai," nilimwambia.

"Alikuwa hai nilipokwambia." Kisha akasikia alichosema. Alikiri kwamba mara ya mwisho kuzungumza na kaka yake ilikuwa kabla ya mfungo. Walikosana kidogo. Alidhani amenuna. Nikamwuliza hivi ukoo wetu una mtu yeyote anayepiga simu mara mbili. Alinielekeza tu: pita soko, panda, shuka, panda tena, uliza.

Niliuliza nyumba ya Rekso Lintang, hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Niliuliza mtengeneza filamu, wakanitazama kama nimetoka mwezini. Mwishowe nikasema Sukirman, na mama aliyebeba kuni akacheka.

"Pak Kirman, mzee fundi redio? Si useme. Nyumba ile yenye mbuzi."

Barazani palikuwa na mama wa makamo anamenya muhogo. Aliniona, akaweka kisu chini.

"Wewe ndiye Kinasih," alisema. "Mbona umechelewa, mwanangu."

Nilishika nguzo. Nilikuwa nimeshaanza kusema inna lillahi moyoni, na nadhani yeye aliiona usoni kwangu, kwa sababu alisimama upesi.

"Umechelewa chakula, nakusudia. Ameshakula. Sasa hivi anapumzika."

Nikakaa kwenye ngazi palepale, kwenye maji, nikacheka na kulia pamoja. Mama yule ni jirani, anaitwa Bu Saminem, yaani Mama Saminem. Yeye ndiye aliyemkuta baba ameanguka kwenye banda, siku chache tu baada ya Idi, na tangu siku hiyo ndiye anayempikia na kumgeuza. Baba alimkataza kuwaambia ndugu. Alikataza kwa mkono, alisema Bu Saminem, na mkono wake ule mmoja una kelele kuliko midomo ya watu wengi.

Nikamwuliza nani aliyepiga ile video.

"Ni mimi," alisema, na akaona haya. "Niliiegemeza simu kwenye birika ikalala upande. Nikamwambia, Pak, sauti hutoi, mwanao ataelewa nini? Akapiga kitanda. Basi nikabonyeza nikatoka nje, nisimwaibishe. Yule mbuzi mwizi akapata nafasi."

"Alikuwa anasema nini?"

Bu Saminem alinishangaa.

"Kwani hukuelewa? Anasema maneno ya walii. Ujumbe wako ulipofika nilimsomea mara tatu. Kesho yake alfajiri akaniashiria nimwite imamu wa msikiti aje amkumbushe yanavyosemwa. Imamu alimwambia, mzee, kwa hali yako tikisa kichwa tu, nitasema kwa niaba yako, inatosha. Akakataa katakata. Anataka kuyasema mwenyewe. Anafanya mazoezi asubuhi na jioni, yule. Mpaka jasho linamtoka."

Nilifikiri juu ya sebule ile, watu wameketi kwenye mikeka wanatafuna tempe, wanabishana kuhusu mbuzi, na baba yangu mbele yao anahangaika kunioza.

Niliingia.

Alikuwa macho. Jicho moja lilinijua mara moja, la pili lilichelewa. Nilikuwa na maneno ya miaka kumi na moja, mengine nimeyanoa vizuri sana. Yote yalipotea. Niliushika mkono wake wa kushoto nikaubusu, kama mtoto yeyote anavyofanya akitoka safari.

"Nimekuja, Baba," nilisema. "Video nimeiona. Sikuielewa."

Akavuta pumzi. Midomo ikaanza kusogea. Niliinamisha sikio mpaka likamgusa, na kwa karibu hivyo sauti kidogo ilikuwepo, hewa tu yenye mikwaruzo. Nikayasema maneno pamoja naye ili nimsaidie njia. Nimekuoza. Binti yangu. Kinasih binti Sukirman. Hakusema Lintang. Alisema Sukirman.

Alipofika kwenye jina la mume alisimama, akaniangalia kwa kuuliza. Hakuwa na jina la kuweka pale. Nilikuwa sikuliandika kwenye ujumbe.

Kabla sijamtajia, nikasikia pikipiki barazani.

Danar aliingia amelowa chapachapa, pikipiki ya kuazima, uso hauna damu. Baada ya kuondoka kwangu walikuwa wameitazama mara ya nne, akaniambia, na katikati Ningrum alipiga ukelele akasema huyu mtu anaumwa. Ndipo Danar alipompigia baba mdogo Tukijan, na baba mdogo akamwaga kila kitu.

"Uliniambia amekufa," alisema Danar.

"Nilikwambia."

Nilijiandaa kutukanwa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Ningependa angenitukana. Ningekubali hata angeivunja ndoa palepale, maana ningejua tunazungumza juu ya mimi na yeye.

Lakini macho yake yalikuwa yameshanipita. Alikuwa anamtazama mtu aliye kitandani. Alivua viatu, akatambaa kwa magoti kwa adabu zote, akaubusu mkono wa baba, na machozi yake yakadondoka juu yake. Nami nikalainika. Nikasema moyoni, tazama, pengine yataisha vizuri. Nikamtajia baba jina la mume.

Baba hakunisikia. Alikuwa ameona kamera iliyoning'inia kifuani kwa Danar.

Mkono ule wa kushoto, ambao haukuweza kumfukuza mbuzi, ulinyanyuka ukaigusa. Ulizungusha kioo cha mbele taratibu, ukaacha, ukazungusha tena. Jicho lake zuri liliwaka. Sikuwahi kuliona likiwaka hivyo kwa ajili ya mtu.

"Naruhusiwa, Pak?" aliuliza Danar.

Baba akatikisa kichwa kwa nguvu. Ndiyo.

Danar akarudi nyuma mpaka ukutani. Baba akamwelekeza kwa kidole: hapana, dirishani. Danar akaenda dirishani. Baba: chini kidogo. Danar akachuchumaa. Walielewana bila neno, kama watu waliofanya kazi pamoja miaka ishirini, na mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nikigeuza kichwa huku na huku.

Kisha baba akanipungia mimi. Nilifikiri ananiita, anataka kumalizia maneno yake sasa kwa kuwa mume amekuja. Nilimsogelea kwa furaha. Akapunga tena, kwa hasira, na safari hii nikaona unakoelekea mkono. Alikuwa ananiondoa. Nilikuwa nimemzibia mwanga.

"Samahani, Asih," alisema Danar kutoka nyuma ya kamera. "Sogea kidogo tu. Dakika moja."

Sikusogea.

Nilimgeuzia mgongo mchumba wangu, nikakaa katikati ya mwanga wao, nikauinamia uso wa baba mpaka hakuwa na kitu kingine cha kutazama ila mimi.

"Baba," nilisema, "leo unaoza binti au unatengeneza filamu? Chagua kimoja."

Nyuma yangu nikasikia kamera ikiwashwa. Mkono wa baba ukasimama hewani.